Neno la Sista na Mguu wa Nyanya

Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Nairobi, akanishika mikono yote miwili na kuniita, "Abuela!" Eti anajifunza Kihispania kwenye simu. Badala ya kucheka, nikamuuliza, "Nani amekutuma?" Akaniachia mikono, maskini. Nisamehe, rafiki yangu. Neno hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa, na halijawahi kuniingia vizuri.

Nilikuwa msichana mdogo kijijini Kiogoro, enzi za mkoloni, nikilala kwa nyanya yangu. Nilichota maji, nikaokota kuni, nikamshikia ungo akisaga wimbi kwenye jiwe. Nikikumbuka ugali ule na mboga chungu za chinsaga, mate hunijaa hadi leo. Lakini nyanya alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, kikawa kinanuka hadi wageni wanakaa karibu na mlango. Ndipo tukaanza kwenda zahanati ya misheni.

Sista aliyeosha vidonda alikuwa Mhispania. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama changu cha shule, basi tulielewana, nami nikamtafsiria nyanya kwa Ekegusii, lugha yetu. Siku ya tatu akamwosha, akamfunga bendeji, akampapasa goti. "Tayari, abuela."

Tulipofika nyumbani nyanya akasema, "Yule mwanamke amenibatiza."

Usimcheke. Usilolijua ni usiku wa giza. Watu wa misheni walikuwa wakikumwagia maji na kukupa jina, na huyu maji alimwaga, na jina akatoa! Nyanya aliamini kwamba akibatizwa, babu na wazee waliotangulia hawatamtambua. "Heri mguu uoze," akasema, na zahanati hakurudi. Mguu ukavimba. Mimi nilikaa nikiufukuzia nzi huku nalia, maana niliona wazi kwamba atakufa.

Hatimaye akanituma. "Mpeleke jirani na kikohozi chake. Yule mwanamke akimwita vilevile, basi si jina. Jina haligawiwi kama chumvi."

Nikampeleka yule jirani, mama mzee. "Fungua mdomo, abuela," sista akasema. Nikamrukia kwa maswali. Akacheka, akaniambia maana yake ni nyanya. Ukimwita mwenyewe, sema abuela tu. Ukimtaja kwa watu, sema mi abuela, nyanya yangu. Hata mama mzee asiye wako unaweza kumwita hivyo kwa upendo, ila wengine hukasirika kwa kufanywa wazee.

Nyanya alinihoji mara tatu, kama askari wa chifu. Kisha akasema, "Haya, kama mimi ni nyanya yake, mjukuu huleta kuni. Mwambie."

Jumamosi sista akapanda kilima chetu na mzigo wa kuni kichwani, ukimwanguka kila hatua kumi. Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akamnyooshea mguu. Kidonda kikafunga kabla ya mavuno ya wimbi.

Na hakubatizwa ng'o! Alikufa miaka mingi baadaye na jina lake, akazikwa kando ya nyumba yake kwa desturi. Lakini sote tulikuwa tukimlinda yeye. Mimi niliyetumwa kuuliza maswali nilibaki misheni kwenye nyimbo, kisha kwenye mafundisho, mwishowe nikainamishwa kichwa nikapewa maji na jina. Nyanya aliposikia, alisema tu, "Kumbe yule mwanamke alikuwa anakuita wewe."

Sijuti, lakini huniuma. Hadi kufa kwake aliniita jina alilonipa nilipozaliwa, jina la mama yake. Tangu tulipomzika, hakuna aliyeniita hivyo tena.