Mafuta Yaliyojaa Stoo

Mwaka ule alizeti ilistawi, na bosi wetu akanunua kila gunia lililoshushwa kutoka Kondoa. Tulikamua kutwa nzima. Mashudu, yale makapi yanayolishwa ng'ombe, yaligombewa na wafugaji yakiwa bado ya moto. Mafuta ndiyo yaliyobaki. Maduka ya Chang'ombe yalikuwa yamejaza mafuta ya bei rahisi kutoka nje, na wenye maduka walisema hata yetu ya msimu uliopita hawajayamaliza. Madumu yalijaa stoo, yakaingia ofisini, mpaka bosi akawa anapita ubavu kuifikia meza yake.

Ndipo akazima mashine. Malori ya Kondoa yakarudishwa na alizeti yake. Wabeba mizigo wakaambiwa watapigiwa simu. Mimi nilibakizwa kufagia na kulinda.

Nilikuwa nakaa Ihumwa kwa mama mdogo. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyotulisha. Mashudu yalipoadimika, maziwa yalipungua, wateja wakaanza kwenda kwingine. Mama mdogo akanituma nimwombe bosi akamue kidogo. Nilikwenda, nikafagia, nikarudi bila kusema neno. Akaniambia hata ng'ombe ana sauti kunizidi, na kesho yake akaja mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Washa mashine, ng'ombe wangu anakauka."

"Marahaba. Nikiwasha, mafuta niyaweke wapi, mama? Kwenye kofia?"

Walivutana, wakakubaliana hivi: mashine itawashwa, ila kila anayetaka gunia la mashudu anunue na dumu la mafuta. Wafugaji wengine walinung'unika, lakini walibeba. Nyumbani kwetu madumu yalipangwa chini ya kitanda, baadaye na juu ya kabati. Maziwa yakarudi.

Mafuta yale hatukuweza kuyamaliza sisi. Mama mdogo aliwauzia majirani chini ya bei aliyonunulia, na wafugaji wenzake wakafanya vilevile. Wateja wachache wa mafuta waliokuwa bado wanakuja mashineni wakaacha kuja. Bosi alipojua sababu hakugomba. Alizima mashine, akaniomba ufunguo wa stoo, akasema nami nitapigiwa simu.

Wiki hiyohiyo mama mdogo alimuuza ng'ombe. Mnunuzi, huku akifunga kamba, aliuliza ng'ombe huyo anakula nini.

"Majani tu," alisema mama mdogo. "Huyu hachagui."