Baada ya Kuugua Ghafla

Mzee mwenye mali alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alipewa kampuni ya ujenzi, binti akapewa redio, kitindamimba akapewa kampuni ya simu. Kila mkutano tuliambiwa sisi wafanyakazi wote ni familia moja na mimi, mjinga mimi, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nilikuwa msomaji wa matangazo ya vifo kwenye redio yao pale Kibaha. Kwa kuwa tulikuwa familia, nikamwombea mdogo wangu wa kiume kazi upande wa ujenzi. Wakampa. Akawa anapanda minara ya simu.

Kwa hiyo ni mimi niliyempeleka. Naomba hilo lieleweke mapema.

Mara ya mwisho tulipokaa kula pamoja aliniambia mikanda ya kujifungia kule juu imechakaa, wameomba mipya, wameambiwa wasubiri. "Dada, ule mkanda hata ndama wa mama anaukata," akasema, tukacheka. Tulicheka, jamani! Wiki hiyo hiyo akaanguka kutoka kwenye mnara waliokuwa wanausimamisha Masaki, kule Kisarawe, katikati ya mikorosho ya watu.

Alasiri ile niliandika tangazo lake kwa mkono wangu: kifo "kilichotokea kwa ajali kazini". Nilitaka nilisome mwenyewe, sikuvumilia mtu mwingine alitamke jina lake. Bosi wangu, yule binti wa mzee, akaja studio. Alinikumbatia, akalia, na wala hayakuwa machozi ya kuigiza. Kisha akachukua kalamu, akafuta "kwa ajali kazini", juu yake akaandika "baada ya kuugua ghafla".

"Hakuugua," nikamwambia.

"Najua, mdogo wangu. Lakini ukisema ajali yatakuja maswali, na maswali yataiumiza familia nzima. Na wewe ni familia."

Siku hizi namkatalia kila siku, nikiwa naosha vyombo, kwa maneno makali kweli kweli. Siku ile sikumkatalia. Niliogopa kufukuzwa kazi. Sina sababu nyingine yenye heshima kuliko hiyo.

Tangazo lilipangwa kusomwa saa moja asubuhi iliyofuata. Mama yetu anaishi Magindu na ng'ombe wake. Wakati huo simu ya kampuni yetu ilikuwa haishiki kule hata kidogo, ila redio yetu ilishika vizuri mno. Baba mdogo aliondoka alfajiri kwa bodaboda ili amwambie kwanza, uso kwa uso. Njia ilikuwa tope tupu, pikipiki ikazama. Alipofika, mama alikuwa ameshasikia. Tena kwa sauti yangu. Na nilisoma vizuri, sikukosea hata neno moja.

Kampuni ilileta kila kitu: jeneza, maturubai, viti lori zima, na shada kubwa limeandikwa "Kutoka kwa familia". Jeneza halikufunguliwa. Mama aliomba amwone mwanawe mara moja tu, msimamizi wao akasema haifai. Hapo majirani wakaanza kutazamana. Kijana mzima kaugua ghafla, na jeneza halifunguliwi: ugonjwa gani huo? Nilimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake jikoni, huku anakula wali wetu wa msiba.

Baada ya arobaini nilikwenda kwa mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamweleza yote, mnara, mkanda, kalamu. Nililia, nikaapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua maharage.

"Redioni ulisema kaugua," akasema. "Sauti yako naijua."

"Nilidanganya, mama."

"Unadanganya sasa hivi, ili nisikukasirikie. Mwanangu kaugua, wewe uko naye huko huko, na hukuniita. Hata uji sikumpikia."

Nilimtafuta fundi aliyekuwa naye mnarani, nikamsihi aje amwambie mama alichokiona. Akaniambia, "Dada, nina watoto." Nikamwelewa haraka sana, na kumwelewa kule ndiko kulikoniuma.

Baadaye walisimamisha mnara hata Magindu. Tangazo la uzinduzi nililisoma mimi, maana bado nipo pale pale, bado ni familia. Nikamnunulia mama simu. Sasa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, ananihadithia habari za ng'ombe na mvua, hataji mtu. Nimejaribu tena kumweleza, mara tatu, na kila mara ananijibu kwa upole, "Basi, mama, yameshapita."

Ila kabla hajakata simu lazima aseme neno moja.

"Na wewe ukiugua usinifiche, mwanangu. Nipigie. Nitakuja na uji."

"Sawa, mama," namwitikia.