Kidonge cha bibi kilitoka shingoni mwa nguruwe

Leo mama kaniona nikimeza kidonge cha tezi ya shingo, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Chako hakinuki," akasema. "Cha mama yangu kilinuka nyama."

Jamani! Kumbe bibi alikuwa na ugonjwa huu huu wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku huku Mafinga, mama akiwa mtoto. Bibi alianza kuona baridi hata juani. Uso ukavimba, sauti ikakwaruza, akawa anasinzia shambani ameshika jembe. Watu wakamwita mvivu. Babu akamrudisha kwao.

Kaka yake bibi hakukubali. Akampeleka hospitali ya misheni. Daktari akampapasa shingo, akasema tezi imechoka, na dawa iliyopo ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa. Atameza maisha yake yote.

(Mimi nimeambiwa kinga ya mwili wangu ndiyo inayoishambulia tezi. Kidonge changu kinatengenezwa kiwandani, lakini nacho ni cha maisha.)

Bibi akameza. Polepole uvimbe ukashuka, nguvu zikarudi, akalima kuliko wifi zake.

Babu akaja na jogoo kuomba radhi.

Bibi akamjibu kwa upole: "Nitarudi. Ila maji ya kumezea dawa utaniletea wewe, kila asubuhi."

Mama anasema alimletea mpaka uzeeni.

Wenzangu wa tezi, nyie maji mnaletewa na nani?