Matako yangu na moteri ya Mama Zaina

Leo matako yangu yameshinda ordinateri. Musicheke kwanza, musome.

Mashini ya Mama Zaina ya kukoboa mupunga inawaka kidogo, inazimika. Mupunga wa arusi ya binti yake iko pale na maganda yake. Arusi njo kesho!

Enjeniere kijana aliyeitwa kuitengeneza akaunga ordinateri, kompyuta yake, kwa kisanduku kinachoendesha moteri.

"Waya ya kwanza inapitisha umeme mwingi mno. Moteri imeungua. Tutaagiza ingine Kisangani."

Mama Zaina akashika kichwa.

Mimi nikaenda kukaa juu ya moteri. Wakati wa vita, kwa atelie ya reli, karakana nilikofanya kazi, waporaji walibeba vipimo vyetu vyote. Tulibaki kupima na haya matako.

"Papa, unafanya nini?" enjeniere akauliza.

"Napima. Iko baridi. Ingekula umeme vile, ningekuwa nimeruka. Kapteri yako inayopima umeme njo inasema uongo. Zima, kisha uhamishe ile ya waya ya kwanza kwa waya ya tatu."

Akahamisha. Kisanduku sasa kikalalamikia waya ya tatu! Uongo ulihama pamoja na kapteri.

Akatia kapteri ingine, mupunga ukakobolewa mpaka alasiri. Wamama wakanipigia vigelegele. Mimi na kiburi changu nikarudi kukaa juu ya moteri, nipigwe picha.

Ndugu zangu, moteri iliyoshinda kazini haiko baridi.

Mwenye kujua dawa aandike hapa chini. Kesho kwa arusi nitakula wima, na mwenye kuniletea kiti tutagombana.