Vichupa Viwili Visivyo na Jina

Pale maabara walimwita Mama Barafu, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kutunza mafriza. Alivaa sweta juu ya sweta, na ulimi wake haukujua kukaa ndani.

Asubuhi ile ulimi uliingia ndani ukajifungia. Alikuwa amefuta ukungu wa barafu kwenye vichupa viwili kwa kitambaa chenye spiriti, kama afutavyo meza. Ukungu ukatoka. Wino wa majina nao ukatoka. Kimoja kilikuwa na nyama ya nyangumi aliyekutwa amekufa ufukweni miaka tisa nyuma, hapakuwa na kipande kingine. Cha pili, nyama ya kiboko. Vyote vidogo kama ukucha, vyote rangi moja. Aliyemtangulia kazini alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hili.

Angeweza kubahatisha. Kalamu alikuwa nayo. Akaishika, akaona jasho linamtoka mbele ya friza, akaenda kugonga mlango wa Daktari, mkuu wa maabara.

"Daktari, nimeharibu."

Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Si anuse tu?" akadakia fundi wa mashine, aliyekuwa humo ofisini. "Wa baharini atanukia chumvi."

"Nusa wewe, pua unayo ya ziada!" akamrudishia Mama Barafu.

"Tutakata kidogo kila kipande, mashine isome vinasaba," akasema Daktari. "Siku nne."

"Si ulituambia kiboko ndiye ndugu wa karibu wa nyangumi kuliko wanyama wote walio hai? Watafanana hao!"

"Ndugu, Mama Barafu. Sikusema pacha."

Siku nne hizo alitia chumvi kwenye chai mara mbili. "Mama, unaumwa?" binti yake akauliza. "Ni spiriti ya kazini, mwanangu." Binti akamnusa kwa siri.

Siku ya nne fundi alimwita kwenye kioo cha kompyuta. Mistari ya herufi, kama mchwa.

"Haya ni maagizo ya kutengeneza gamba gumu la jino. Huyu yake ni mazima. Huyu yake yamekatika, herufi zimedondoka."

"Kwa hiyo?"

"Nyangumi wetu hana meno, anachuja chakula. Babu zake walitafuna. Uzao wao ulipoacha, maagizo yakaharibika bila yeyote kuyahitaji. Lakini mabaki hayakufutika. Kiboko bado anatafuna."

Mama Barafu akashika meza. "Yaani maiti kajitaja mwenyewe?"

"Kajitaja," akasema Daktari. "Barua ya onyo utaipata mchana. Kazini unabaki. Umeokolewa na meno ya marehemu, si na akili yako."

"Sawasawa, Daktari." Akavitoa vichupa, akaviinua kwa mikono miwili. Daktari akampa penseli, ile isiyofutika kwa spiriti. Akaikataa.

"Andika wewe. Mimi nitavishika tu."

Daktari akaandika. Ilibidi amwambie mara tatu aache kutetemeka.