Biri ya Tano

Karakana nzima ilimwita Pua. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mishahara, na huko halikumsumbua mtu. Kazi yake ilikuwa kuonja biri, zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi, kabla hazijapangwa kwenye masanduku ya mbao. Watu wakimcheka, "Kwa hiyo wewe unalipwa kuvuta?" aliwajibu, "Nalipwa kuacha. Kuvuta kila mtu anaweza." Na kweli, kazini hakuwahi kuimaliza hata moja. Alivuta mara sita au saba, akautuliza moshi mdomoni bila kuumeza, akauachia polepole kupitia puani, kisha akaiweka kando na kusema neno lake. Ile iliyomkosha moyo aliibeba nyumbani. Jumapili aliimalizia barazani, viatu amevua, na mkewe alijua kwamba hapo hasemeshwi.

Pua hiyo ilinolewa na dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka tisa na dada akiwa na kumi na tisa, ndipo dada akaingia karakana kusokota ili waishi. Jioni alirudi na vipande vya majani mfukoni, akamsogezea mdogo wake puani huku mkono mwingine unakoroga sufuria. "Hili la juu ya mche au la chini? Limekauka kivulini au juani?" Akikosea, anaosha vyombo. Mwaka wa kwanza aliosha vyombo mpaka vidole vikakunjamana. Mwaka wa pili aliyeosha ni dada.

Sasa dada alikuwa na miaka sitini na mmoja, mkongwe wa wasokotaji wote kumi na mmoja. Wote walimwita Dada Shoto, kwa kuwa peke yake alisokota kwa mkono wa kushoto.

Mwezi huo ilikuja habari ya kuwatoa watu jasho. Mnunuzi mmoja mwenye maduka katika miji mitatu alitaka biri za hali ya juu, zote za mkono wa msokotaji mmoja tu. Mwenye karakana, mama mjane asiyependa kurudia maneno, aliwakusanya. "Kila mmoja atasokota moja, kwa majani atakayochagua mwenyewe. Sita nitazichagua kwa macho, hizo zionjwe. Ya kwanza, aliyeisokota anapata meza ya dirishani. Ya mwisho, aliyeisokota anashuka chini kuchambua majani."

Chini maana yake ni chumba kisicho na dirisha, ambako hung'olewa vishipa vya majani kutwa nzima. Aliyewahi kushuka huko hakuwahi kupanda tena.

Siku yenyewe ikafika, saa nne asubuhi. Mnunuzi, mzee mwembamba mwenye mvi na suti isiyo na kunyanzi, alitaka jambo moja zaidi. "Mwonjaji wenu afungwe macho. Anawajua watu wake, akiziona tu atajua ipi ya nani. Yeye aonje kwanza, aseme. Kisha nionje mimi, tuone kama maneno yake yana uzito."

Pua akafungwa kitambaa. Mbele yake aliwekewa glasi ya maji na kipande cha mkate mkavu, vya kusafisha ulimi kati ya biri na biri. Nyuma yake alisikia wasokotaji wamejipanga ukutani. Hakuna aliyekohoa.

Ya kwanza ilikuwa nzuri bila la ajabu. "Safi," alisema, "ila haina la kusimulia." Ya pili ilikuwa kali mwanzoni, ikapooza katikati. Ya tatu ilisokotwa kwa haraka, moshi ukamjia wa moto mpaka ukamchoma ulimi.

Ya nne ikawashwa. Hewa ilipita kana kwamba anapumua tu. Kwanza ikaja harufu ya ubao uliorandwa sasa hivi, nyuma yake kahawa, na mwishoni, moshi ukishatoka puani, pilipili manga kidogo ya kukumbusha tu. Alivuta ya nane, ya tisa, akasahau anatazamwa. Mnunuzi akakohoa kidogo.

"Hii," Pua akasema, "aliyeisokota ana vidole vinavyojua kuacha nafasi. Mpaka sasa ni ya kwanza."

Minong'ono ikapita ukutani, ikakatika. Akanywa maji, akatafuna mkate, akapokea ya tano.

Kabla haijawashwa aliinusa, na nywele za mikono zikamsimama. Majani haya yalikuwa yamechaguliwa na mtu anayejua kupita wote. Lakini ilipowashwa, akavuta, hewa haikuja. Akavuta kwa nguvu, mashavu yakaingia ndani. Katikati palikuwa na fundo gumu, mahali vidole vilipobana kupita kiasi kwa kuogopa kuachia. Moto ukala upande mmoja, joto likamgusa shavu la kulia tu. Ladha kidogo iliyopenya ilikuwa tamu ya kutia uchungu, maana alijua ingeweza kuwa nini.

Kidole gumba chake, bila yeye kukituma, kikafuata mshono wa jani la nje. Mshono uliizunguka biri kinyume na zote alizoshika asubuhi ile.

Msokotaji wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

"Vipi ya tano?" mwenye karakana akauliza.

Akisema nzuri, mzee huyu ataionja baadaye, naye atajua kwamba mwonjaji ni mwongo, na jina la karakana litaondoka na gari lake. Akisema mbaya, anamshusha dada yake kwenye chumba kile kwa ulimi wake mwenyewe. Alijaribu kumsikia dada kule ukutani, apate hata kikohozi kimoja cha kumwongoza. Hakusikia kitu.

"Nasubiri," mnunuzi akasema.

"Majani ya biri hii," Pua akaanza. "Majani haya hakuna mwingine humu ndani anayeweza kuyachagua. Mimi mwenyewe siwezi. Lakini mkono uliosokota umechoka. Haivutiki. Kwa kusokotwa, mpaka sasa ni ya mwisho."

Ya sita aliionja, akaiweka katikati, lakini baadaye hakukumbuka hata ladha yake. Alipofunguliwa macho, mnunuzi alikuwa tayari ameanza na ya kwanza. Saa nzima ikapita. Mzee alifika kwenye ya tano, akaivuta mara tatu kwa shida, akaitazama, akamtazama Pua, akatikisa kichwa kukubali.

"Ya nani?" akauliza.

"Yangu." Dada Shoto alitoka ukutani, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya mfuko wa aproni. Hakumwangalia mnunuzi. Alimwangalia mdogo wake. "Umesema kweli. Na umenivua nguo mbele za watu."

Akaivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani pake, akatoka. Ngazi zilisikika moja moja mpaka mwisho.

Ya nne, iliyobaki ya kwanza, ilikuwa ya Kijiti, kijana wa miaka thelathini mwenye maneno machache, ambaye badala ya kufurahi alikaa ameshika kichwa. Mnunuzi naye hakuridhika. Alizunguka meza, akainusa tena ya tano iliyozimika. "Nataka majani ya huyu mama," akasema, "ndani ya mkono wa huyu kijana. Nilisema mkono mmoja. Sasa nabadilisha."

Mchana Pua alikwenda nyumbani kwa dada yake. Mlango ulifunguliwa nusu.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi? Umekosea kuonja?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo dada akautoa mkono wa kushoto nyuma ya mlango. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda, kidole cha mwisho hakikukunjika kabisa. "Mwaka mzima nauloweka maji moto alfajiri ndipo unafunguka. Nikuambie nini? Wewe si ndiye mwonjaji? Ungekwenda kumwambia nani?"

"Ningejua la kufanya."

"Ungejua la kusema. Kufanya ni kwingine." Akaurudisha mkono nyuma ya mlango. "Ungeweza kunyamaza, mdogo wangu."

"Ningenyamaza, yule mzee angesema yeye. Naye asingesema habari ya majani."

Dada akafunga mlango.

Siku tisa meza yake ilikaa tupu. Mwenye karakana alikwenda mara mbili, Kijiti mara tatu, na hiyo ya tatu alikaa kwenye kizingiti mpaka akapewa chai. Siku ya kumi Dada Shoto alipanda ngazi na masharti yake: hashuki chini, anakaa dirishani pamoja na Kijiti, na hakuna jani linaloingia kwenye sanduku la mnunuzi bila kupita mkononi mwake. Mwenye karakana alikubali yote, bila kurudia maneno.

Na mdogo wake? Hakumsalimu. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Alipita mbele yake kama anayepita nguzo. Wasokotaji wakaacha kutaniana wawili hao wakiwa chumba kimoja, na Pua akaanza kukosa hamu hata ya biri za Jumapili.

Katika mwezi wa tatu wa kununa huko, Jumatano moja, Dada Shoto alisimama mbele ya meza ya mdogo wake na biri mpya. Kijiti alikuwa ameisokota dakika chache tu zilizopita. Akaiweka chini bila neno.

Pua akaikata ncha, akaiwasha taratibu, akavuta. Chumba kizima kikaacha kusokota.

"Kali kidogo," akasema kwa hofu.

"Vuta tena," dada akamwambia. "Ukikosea, unaosha vyombo."

Akavuta tena.