Meseji ya Mteja Ilipomwendea Shangazi

Kosa ni langu, jamani, simsingizii shetani wala mtandao. Limenikaa kifuani hadi limenishinda, ngoja niliseme hapa ambako hamnijui sura.

Naishi Kibaha. Kazi yangu ni kujibu meseji za wateja wa kampuni inayouza taa za sola, na nilikuwa naifanyia nyumbani, kwenye meza ya chakula, nimejifunga khanga yangu. Bosi alinipa kompyuta na intaneti ya bure kwa sharti moja tu: kompyuta ni ya kazi, mambo ya nyumbani peleka kwenye simu yako. Nikaitikia vizuri kabisa. Ubahili ukaniponza! Bando langu ninunue la nini wakati la ofisi lipo? Nikafungua meseji za familia humohumo, wateja kushoto, ndugu kulia.

Sasa shangazi yangu wa Masaki, kule Kisarawe, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, na kila siku meseji: sare ni ya njano, umeshanunua? Utakuja lini? Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namjibu kama namfukuza kuku. "Nimeona." "Baadaye." Wakati huohuo mteja nisiyemjua namwita mpendwa!

Siku hiyo asubuhi zikaingia mbili kwa pamoja. Mzee mmoja wa Dutumi: "Taa imegoma kuwaka, tuko gizani tangu juzi." Shangazi naye: "Mwanangu, mume wangu amegoma. Amejilaza tu ndani tangu juzi, hata turubai za harusi hataki kwenda kuzitafuta. Nimechoka."

Nikajibu zote mbili harakaharaka, nikatuma. Ndipo nikaangalia. Mungu wangu!

Mzee wa watu nimemwandikia: "Shangazi, kila siku wewe kulalamika tu! Usinichoshe, nina kazi! Na hiyo njano sivai!"

Na shangazi amepata hii: "Ndugu mteja wetu mpendwa, pole sana kwa usumbufu. Tunathamini uvumilivu wako. Tafadhali itoe nje, iweke juani kutwa nzima, kisha jaribu tena. Ikigoma, irudishe kwetu tukubadilishie."

Yule mzee akajibu kwa upole, "Sawa, mama. Ila mimi ni mwanaume." Nilicheka huku nalia. Nikamwomba radhi, lakini mwanawe alikuwa ameshaituma picha ya meseji kwa bosi.

Bosi akapiga. "Kwanza, rudisha kompyuta. Pili, huyo shangazi amekukosea nini?"

Tangu hapo naamka alfajiri kwenda mjini kufanya kazi mbele ya macho yake, na ofisi nzima wananiita Shangazi.

Hilo nililivumilia. Kilichoniuma ni kwamba shangazi mwenyewe hakujibu kitu. Nikajua nimempoteza, na mimi mama mwingine sina.

Siku ya harusi nikatokea Masaki nimevaa njano kuanzia kilemba hadi viatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Njoo hapa!" Akanivuta hadi kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele. "Ndiye huyu! Kaniambia pole, kaniita mpendwa. Na dawa yake imefanya kazi!"

Nikageuka. Mumewe alikuwa anafunga turubai, jasho linamtiririka. Akaninong'oneza, "Alinitoa nje na mkeka wangu. Akasema nikigoma nitarudishwa, aletewe mwingine!"

Nilitaka kunyamaza nile pilau yangu kwa amani. Nikashindwa. "Shangazi, ile meseji haikuwa yako. Ilikuwa ya mteja."

Akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele. "Nilijua si yangu. Wewe hujawahi kuniambia pole." Kisha akaniangalia. "Basi huyo anayewajibu wateja, mwambie awe ananijibu na mimi."

Nililia pale pale, njano yote ikalowa.

Wenzangu mnaofanyia kazi nyumbani, bando la bure lisiwaponze! Kazi kwenye kompyuta ya kazi, ndugu kwenye simu yako. Ila yale maneno matamu mnayowapa wateja, msiyaache kwenye kompyuta. Mimi sasa nanunua bando langu. Jana nimemwandikia: "Pole na uchovu, shangazi yangu mpendwa."

Akajibu: "Nani mwenzangu?"